Kijiji Kisicho na Moshi: Uhakiki wa Bujora

Shuleni tulifundishwa kwamba kila kazi ya sanaa ina fani na maudhui, na kwamba mhakiki hana budi kupita kote kuwili kabla hajatoa neno. Tulihakiki riwaya, tamthilia na mashairi kwa njia hiyo mpaka tukawa tunaota wahusika usingizini. Leo namwomba msomaji aniruhusu niutumie mzani ule ule kupima kitu ambacho hakikuwamo kwenye orodha ya vitabu vya kidato cha nne. Nataka kuhakiki kijiji cha utamaduni. Nasema "kuhakiki" na si "kutembelea", maana kutembelea hata mtalii anatembelea, akapiga picha, akaenda zake Serengeti.

Kijiji chenyewe ni Bujora, mahali walipoweka Makumbusho ya Wasukuma. Kutoka Mwanza mjini unapanda daladala za barabara ya Musoma, unapita Nyakato, unapita Igoma, unashuka Kisesa, kisha unapanda kilima kwa miguu. Safari nzima ni kilometa zipatazo ishirini. Nimekwenda zaidi ya mara moja, na sababu yangu ni ya ubinafsi kabisa: ninaandika riwaya juu ya mwanamke wa Kisukuma wa zamani, na nilitaka kujua alilala wapi, alipikia nini, na mume wake aliketi juu ya kitu gani alipokuwa akimwamuru. Kwa hiyo nilikwenda kama fundi anayekwenda dukani kununua misumari. Uhakiki huu ni wa mteja.

Tuanze na fani. Hapa Bujora inastahili sifa, tena sifa za kweli. Majengo yake hayakusimamishwa ovyo kama vibanda vya maonyesho ya Nane Nane. Banda la watemi lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, hata ukiwa nje hujasoma kibao chochote unajua umefika kwa nani. Ndani yake zimehifadhiwa ngoma za kitemi na vifaa vingine vya utawala. Kuna nyumba ya Kisukuma ya msonge, kuna mahali pa mhunzi, kuna pa mganga wa jadi na vibanda vya mizimu, na kuna banda la vyama vya ngoma. Kanisa la parokia nalo ni la duara, na alama za kitemi zimeingizwa katika ibada. Anayesema majengo hayawezi kuwa na tamathali za usemi aende akaone. Kiti kimekuwa nyumba, na nyumba ya jadi imekuwa kanisa. Hiyo ni sitiari iliyojengwa kwa mawe na saruji.

Mwandishi wa kazi hii ni nani? Swali hili tuliulizwa kwa kila kitabu, tena tukaambiwa tueleze historia yake kwa ufupi. Jina linalotajwa kwanza ni la Padri David Clement, mmisionari wa shirika la White Fathers kutoka Kanada, aliyefanya kazi Bujora kuanzia miaka ya 1950, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Wasukuma walimwita Fumbuka. Lakini padri hakuzaliwa anajua ngoma ya mtemi inafunikwa vipi. Palikuwa na wazee wa Kisukuma waliosema, waliochonga, waliojenga, na waliokubali vitu vya koo zao viwekwe pale. Kwa hiyo mimi nasema kazi hii ina waandishi wengi na jalada lina jina moja. Jambo hilo si geni katika fasihi yetu. Hadithi ngapi za bibi zetu zimechapwa zikiwa na jina la mtu aliyekuwa ameshika kalamu tu?

Nina marafiki vijana ambao wakisikia habari hizo hukunja uso. "Utamaduni wetu ulihifadhiwa na mzungu, tena padri, tena ili awapate waumini!" Sawa. Mimi sikatai kwamba kuna walakini. Watu wale wale waliohubiri dhidi ya mizimu ndio waliojenga vibanda vya mizimu ili vitazamwe. Ila nawauliza hao marafiki swali moja: mwaka 1963, Tanganyika ilipofuta utawala wa watemi kwa sheria, ngoma za kitemi zilikuwa ziende wapi? Mtemi hakuwa tena mtemi, na ngoma yake haikuwa tena serikali. Nyumba nyingine zingeifanya kinu. Bujora ilizipa baadhi ya ngoma hizo pa kulala. Tuseme asante kwanza, halafu ndipo tuhakiki.

Sasa maudhui. Hapa ndipo mzani wangu unapoanza kuinama.

Kazi yoyote ya masimulizi inahitaji wahusika. Tuliambiwa mhusika ana tabia, ana shabaha, na ana mtu au kitu kinachomzuia. Ingia katika nyumba ya maonyesho, ya Bujora au ya Kijiji cha Makumbusho kule Dar es Salaam, au zile za Bomas of Kenya zilizoanzishwa Nairobi mwaka 1971. Utaona kitanda, utaona jiwe la kusagia, mtungi, kibuyu, mkuki. Kila kitu kipo isipokuwa mtu wa kukigombania. Mwongozaji anasema, "Hapa mama alikuwa anasaga." Mama yupi? Alikuwa anasaga huku amekasirika au anaimba? Mtama ule ulikuwa wa kwao au wa mkopo? Ukiuliza hivyo wageni wenzako wanakutazama kama umelewa.

Jirani yetu wa ng'ambo ya maji alikwisha kutuonyesha namna nyingine. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe masimulizi ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke waliokosa mtoto. Nia yake haikuwa mbali na nia ya Bujora: aliogopa mambo ya wahenga yasije yakasahaulika. Ndani ya kitabu kile mna uvuvi, mna kilimo, mna dawa, mna namna ya kusalimia wakwe na namna ya kupika pombe ya ndizi. Tena mna mengi mno! Kuna kurasa ambazo mimi, pamoja na heshima yangu yote, nilisinzia, maana hadithi inasimama ili mwandishi atufundishe jambo, kama mwongozaji aliyegoma kuondoka kwenye banda moja.

Lakini tazama tofauti. Mtungi wa pombe ulioko katika makumbusho ni mtungi. Mtungi wa pombe katika kitabu cha Kitereza ni deni. Wazazi wa Bugonoka wamemchukua binti yao kwa sababu ndugu wa mume wamemsimanga kwa ugumba, na ili Myombekere ampate tena mkewe sharti apike pombe ya ndizi awapelekee wakwe. Basi ndizi zinapovunwa, zinapoivishwa, zinapokamuliwa, msomaji anazifuata kwa roho juu. Pombe ikiharibika, ndoa imeharibika. Sijawahi kuona mahali pengine popote ambapo nilijali hivyo habari za kukamua ndizi! Kitereza hakuuweka mtungi juu ya meza, aliuweka kati ya watu wawili wanaotakana.

Hilo ndilo kosa la fani la vijiji vya utamaduni vyote, si Bujora peke yake. Vinadhani kwamba mila ni vitu. Mila ni wajibu. Kigoda si mti uliochongwa. Kigoda ni suala la nani akalie na nani akae chini. Mgeni anayeondoka amejua umbo la kigoda bila kujua nani aliyekatazwa kukikalia, ameondoka na mti.

Tuje kwenye jambo linaloniuma zaidi, ambalo ndilo lililonipa kichwa cha makala hii. Nyumba ya maonyesho haina moshi. Haiwezi kuwa nao, maana hakuna anayelala humo wala anayepika. Mafiga matatu yamekaa safi. Mgeni anainama, anaingia, anasema "kuna ubaridi mzuri," anatoka.

Msomaji wa Mwanza au Shinyanga hahitaji kuambiwa moshi una maana gani kwetu. Katika vijiji vyetu vingi miti imekwisha, na mahali pengine akina mama hupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi wake ni mkali. Mwanamke aliyeinamia moshi huo miaka hamsini macho yake yanakuwa mekundu. Na tunajua wote, jamani, tusifichane, kwamba katika mikoa yetu macho mekundu ya bibi yamekuwa hati ya mashtaka. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990, na baada ya hapo, Usukuma umetajwa katika magazeti ya dunia kwa sababu ya vikongwe waliouawa kwa mapanga wakidhaniwa wachawi. Kisha kuanzia mwaka 2007 hivi Kanda ya Ziwa ikatajwa tena kwa mauaji ya albino, nayo yakaunganishwa na mambo ya kiganga.

Sasa niambie. Mtu amesimama katika nyumba ya msonge isiyo na moshi, kisha anavuka hatua chache anaingia kwa mganga, anaonyeshwa vibuyu na pembe, anaambiwa kwamba huyu alikuwa tabibu na mshauri wa jamii. Ni kweli alikuwa tabibu. Dawa za miti shamba zimetuponya wengi, na mimi ni mmoja wao. Lakini kati ya nyumba ile na nyumba hii kuna njia, na katika njia hiyo kuna bibi mwenye macho mekundu anayepita kwa hofu. Mtoto wa jirani amekufa, watu wamekwenda kwa mpiga ramli, na mpiga ramli hakutaja jina, amesema tu "ni mtu wa upande wa mashariki, mzee, mwanamke." Mwenye akili anajua mshale umeelekezwa wapi. Ukitoa moshi umemwondoa bibi huyo, na ukimwondoa yeye umebakiza utamaduni mzuri unaofaa kuuzwa kadi za posta.

Kuna watakaonijibu kwamba makumbusho si mahakama, na kwamba wageni hawakulipa kiingilio ili wasikie habari za mapanga. Hoja hiyo ina uzito. Mimi pia nisingependa Msukuma ajulikane duniani kwa panga tu, na waandishi wa magazeti wamekwisha kututendea hivyo vya kutosha. Ila naona njia ya tatu. Usimwambie mgeni habari za panga. Washa moto. Basi! Washa moto wa kinyesi mle ndani kwa nusu saa, mwache aketi, atoke akifuta macho, kisha mpe kioo ajitazame. Atakuwa amejifunza juu ya mama wa Kisukuma jambo ambalo mabanda kumi hayawezi kumfundisha. Hata kijana wa hapa hapa aliyekulia nyumba ya bati na jiko la mkaa atafikiri mara mbili kabla ya kusema "macho ya fulani yanatisha."

Upungufu wa pili ni wa wakati. Vijiji vya utamaduni hupenda sana maneno "hapo zamani," na hapo zamani haina tarehe. Lakini Msukuma ana tarehe kama mtu mwingine. Hata hili neno "kijiji" linalobandikwa kwenye vipeperushi vya utalii lina historia yake. Wasukuma wa kale hawakubanana katika kijiji kwa maana tunayoijua leo. Kila kaya ilikaa mbali na nyingine, imezungukwa na ua wa minyaa, ng'ombe katikati, mashamba pembeni. Ni Operesheni Vijiji, iliyopita kwetu kwa nguvu mwaka 1974, iliyowahamisha watu wakapangwa kwa mstari kando ya barabara. Ukitembea mashambani unaweza kuona minyaa imesimama kwa mzunguko, katikati hamna kitu. Ule mzunguko mtupu kwangu mimi ni makumbusho pia, tena hauna mwongozaji. Kwa hiyo tunapomwonyesha mgeni "kijiji cha jadi," tunamwonyesha jadi iliyovishwa nguo za mwaka 1974.

Na pamba je? Huwezi kumweleza Msukuma wa karne ya ishirini bila pamba. Pamba ndiyo iliyonunua baiskeli na mabati, ndiyo iliyolipa karo, ndiyo iliyowaunganisha wakulima chini ya Paul Bomani mpaka mwaka 1955 wakawa na Victoria Federation of Co-operative Unions, chama ambacho serikali ya kikoloni ilikuwa inakitazama kwa jicho la pembeni. Ngoma ya bugobogobo, ile ya majembe ambayo wageni wanaipigia makofi, ilikuwa ya watu walioshika jembe kwa pamoja wakilima. Jembe linalorushwa hewani katika maonyesho lilikuwa na shamba chini yake, na shamba lilikuwa na bei ya mazao. Ukitazama jembe peke yake unaona sarakasi.

Nisije nikaonekana mchungu. Kuna sura moja ya kazi hii ambayo mimi naihesabu miongoni mwa kazi bora za fasihi katika ukanda wetu wote, nayo ni Bulabo. Ni sikukuu ya mwezi wa Juni, inayokwenda pamoja na sherehe ya Ekaristi Takatifu, na mashindano yake ya ngoma huchezwa Bujora. Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyotajwa kwa waganga wawili wa karne ya kumi na tisa, Ngika na Gumha. Sheria ya mashindano yao ni ya ajabu kwa urahisi wake. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja. Watazamaji wako katikati. Ukivutiwa na huku unasogea huku, ukichoshwa unahama. Mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Hebu tafakari, wewe unayetaka kuwa mwandishi. Hakuna mwamuzi mwenye shahada. Hakuna fani wala maudhui kwenye ubao. Kuna miguu ya watu tu. Kikundi kikiona watu wanahama, kinatoa hila mpya papo hapo: nyoka, fisi, kichekesho, wimbo wa kumsema diwani. Yaani mila ile ile ambayo bandani imelala, hapa uwanjani imekasirika na inatafuta ushindi. Nimeona mzee mmoja, aliyekuja kwa fimbo, akihama mara tatu, na kila akihama anawatukana aliowaacha. Mhakiki wa namna hiyo simpati katika gazeti lolote.

Bulabo inatupa jibu la swali tulilouliza kuhusu wahusika. Wahusika wapo, na wana shabaha: wanataka kushinda. Kuna mgogoro, kuna hatari ya kuaibika, kuna mwisho ambao hakuna aujuaye. Ningekuwa na sauti Bujora ningesema mabanda yote yajifunze kutoka uwanja wao wenyewe. Dawa wanayo nyumbani.

Namalizia kwa hadithi ambayo kila mtoto wa Kisukuma anaijua, ya zimwi Shing'weng'we aliyemeza watu wote, ng'ombe, kuku na nyumba. Akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha, akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto akakua, akamtafuta zimwi, akamuua, akampasua tumbo, na wote waliomezwa wakatoka wazima. Nimekuwa nikiifikiria hadithi hii ninapowaza juu ya vijiji vya utamaduni. Tumbo la Shing'weng'we nalo lilihifadhi kila kitu kikamilifu. Hakuna kilichopotea humo. Ila hakuna aliyepika wala aliyegombana mpaka kisu kilipopita.

Wasimulizi wengine huongeza kipande ambacho watu husahau. Masala Kulangwa alipokuwa akipasua, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akakasirika, hakujali kwamba ameokolewa, akataka kumroga kijana. Kijana hakukimbia wala hakuita watu wenye mapanga. Alitafuta dawa akamponya sikio.

Sisi tunaoandika tuna kisu mkononi, na hatuwezi kukipitisha bila kumkata mtu sikio. Tukiandika habari za moshi na ramli, wazee watasema tumewaaibisha. Tuandike hivyo hivyo. Kitereza alisubiri tangu 1945 hadi 1980 kitabu chake kichapwe kwa Kiswahili na Tanzania Publishing House, akafariki mwaka 1981, nakala zilizochapwa zikiwa bado hazijamfikia. Sisi hatuna udhuru wa kusema tunangoja. Nenda Bujora, ndugu msomaji, lipa kiingilio, ingia katika nyumba ya msonge, na ukiinama mbele ya yale mafiga safi jiulize swali moja tu: aliyekuwa akipikia hapa alikuwa anamwogopa nani? Jibu utakalopata liandike.